QualityRights ya WHO: zana nzuri ya ukaguzi, ila chunga alama ya "kimetimia kiasi"

Hospitali nyingi za umma zina bango la haki za mgonjwa pale mapokezi, na habari ya haki huishia hapo hapo. Zana ya QualityRights, iliyotolewa na Shirika la Afya Duniani (WHO) mwaka 2012, inauliza kama maneno ya bango yanafika wodini. Imeandaliwa kwa ajili ya huduma za afya ya akili na ustawi wa jamii, ziwe za kulaza au za kliniki, na inapakuliwa bure.

Msingi wake ni Mkataba wa Haki za Watu Wenye Ulemavu wa mwaka 2006. Ina mada 5 zilizogawanywa katika viwango 25, na kila kiwango kina vigezo vyake. Mada ya kwanza ni hali ya maisha: jengo, kitanda, choo, chakula, mawasiliano. Ya pili ni matibabu, yakiwemo ya mwili na afya ya uzazi. Ya tatu ni ridhaa na haki ya mtu kujiamulia. Ya nne ni ukatili na mateso, na ya tano ni kuishi katika jamii kama watu wengine.

Kigezo hakipewi asilimia. Kinaandikwa kimetimia kikamilifu, kimetimia kiasi, kimeanzishwa, hakijaanzishwa au hakihusiki. Hilo tunalipenda, maana kituo chenye chakula kizuri na wagonjwa waliofungwa kamba hakipati wastani wa kujivunia.

Nguvu kubwa ya zana ni kulazimisha ushahidi wa aina tatu: nyaraka, macho na mahojiano. Chukua kiwango kinachohusu kufunga na kutenga wagonjwa. Mkaguzi anaanza na daftari la matukio: nani aliidhinisha, kwa sababu gani, saa ya kuingia na saa ya kutoka. Kurasa nzima zenye mwandiko mmoja, wino mmoja na muda wa saa mbili kamili kila mara ni dalili kwamba zimejazwa kwa mkupuo, pengine usiku wa kuamkia ukaguzi. Zilinganishwe na ratiba ya zamu: aliyetia saini alikuwa kazini kweli? Kisha chumba chenyewe. Komeo liko upande gani? Aliye ndani anamwitaje muuguzi, na choo anakipata vipi? Mwisho wanaulizwa wagonjwa, ndugu na wafanyakazi, kila kundi peke yake. Daftari likisema hakuna aliyefungwa na wagonjwa watatu wasiojuana wakaeleza kamba zile zile, alama inajulikana.

Mahojiano ndiyo huharibika kwa urahisi zaidi. Muuguzi mkuu akichagua wa kuhojiwa, utaletewa wapole na wenye shukrani. Timu ichague yenyewe kutoka kwenye orodha ya waliolazwa, ikae mahali ambapo mhudumu hasikii, na imwambie mhojiwa waziwazi kwamba anaweza kukataa bila huduma yake kuguswa. Ndani ya timu wawemo watu waliowahi kutumia huduma za akili, tena wapige kura kwenye alama kama wengine. Daktari na mwanasheria peke yao hupitwa na mambo: mlango wa bafu usio na kitasa hawauoni, aliyewahi kulazwa anauona mara moja.

Mada ya tatu ndiyo huleta ubishi, na wafanyakazi wengi hukwama hapo. Wanaonyesha fomu ya ridhaa iliyosainiwa na ndugu siku ya kulazwa, saini moja kwa matibabu yote, na wanategemea alama kamili. Zana haikubali. Inataka ridhaa ya mgonjwa mwenyewe, baada ya maelezo aliyoyaelewa, pamoja na msaada wa kufanya uamuzi pale anapouhitaji. Kukagua mada hii bila mafunzo ni kuwakasirisha watu bure. Moduli za mafunzo ambazo WHO ilizitoa mwaka 2019 zitangulie.

Sasa kasoro. "Kimetimia kiasi" ni kichaka cha kujifichia: timu isiyotaka kugombana na mganga mkuu humwaga alama hiyo kila mahali. Dawa yake ni kukataa alama yoyote isiyoambatana na sentensi ya ushahidi, yaani nini kilionekana, wapi, nani alisema, bila kutaja jina la mgonjwa.

Pili, kuhusu usawa zana ni nyembamba. Inakataza ubaguzi, lakini haikusukumi kutenganisha majibu. Rekodi mwenyewe jinsia, umri, lugha na aina ya ulemavu wa kila mhojiwa, la sivyo hutaona kwamba wodi ya wanawake ndiyo isiyo na pazia, au kwamba kiziwi hakuwahi kupewa mkalimani wa lugha ya alama. Kwa wodi ya kawaida au ya wazazi, usiitumie nzima; chukua mbinu yake na viwango vya faragha, usiri na ridhaa.

Tatu, haina meno. Ripoti isiyopewa mhusika, bajeti na tarehe ya kurudi kukagua itaishia kabatini. Anza na vigezo vya "hakijaanzishwa" katika mada ya nne, hata kama rangi ya ukuta ni rahisi zaidi kurekebisha, na ziara ya kurudia ifanyike usiku, bila taarifa.