Walihesabu mara nilizofungua imeili yao

Cherehani ya kwanza niliyonunua kwa kampuni hii haina shida, inashona hata jinzi, na boda aliyeileta mpaka dukani kwangu Kisenyi, hapa Kampala, alikuwa na adabu zake, kwa hiyo nilishapanga kuwapa nyota nne. Sasa wiki kama mbili tatu hivi zilizopita nikawaomba bei ya ovaloki, ile mashine ya kufunga kingo za kitambaa, wakanitumia kwa imeili. Nikaisoma usiku watoto wamelala, nikapiga hesabu, nikaifunga, nikaifungua tena, pesa haitoshi, nikanyamaza zangu.

Asubuhi simu. Kijana wa mauzo, hata salamu hakuna: "Mama, umefungua imeili yetu mara tano, ya mwisho saa sita kasoro usiku, mbona hujibu?" Mwili ulinisisimka jamani. Kwani alikuwa amesimama dirishani kwangu? Nikamuuliza, "Mwanangu, umejuaje?" Akanijibu kwa dharau eti sistimu inatuonyesha, ni kawaida, kisha akakata.

Mpwa wangu anayesomea kompyuta akaifungua ile imeili kwenye laptop, akaingia kule kwenye maandishi ya ndani, akanionyesha kwa kidole: kapicha ka pikseli 1 kwa 1, yaani kanukta kamoja tu, hakana rangi, jicho halikaoni, na linki ndefuuu yenye namba waliyonipa mimi peke yangu. Ukifungua tu imeili, kale kapicha kanaitwa kutoka kwenye seva, kompyuta yao, na wao wanaandika saa. Mimi nilidhani Gmail inanilinda, kumbe inawaficha tu mahali nilipo, kwamba nimefungua wanajua palepale. Nimeshaweka kwenye setingi iniulize kwanza kabla ya kuonyesha picha za nje, na wewe unayesoma hapa fanya hivyo leo.

Uganda tuna sheria ya kulinda data tangu 2019, inataka mtu aombwe ruhusa kabla ya kukusanya habari zake. Mimi nani aliniomba? Niliuliza bei tu!

Labda kosa ni la yule kijana, basi nyota tatu... hapana, kijana alisoma alichowekewa, aliyepandikiza kapicha ni kampuni. Nyota moja, ya yule boda.

Niliwaandikia wafute habari zangu zote. Juzi wakajibu, samahani sana mteja wetu mpendwa. Mpwa wangu akaipekua hiyo samahani: kapicha kamo humohumo, na namba yangu ileile.