Ofisi ya wanafunzi wa kigeni chuoni kwetu Ujerumani, kwa sisi tuliokimbia vita: nyota 3, na zote 3 ni za watu wawili

Naandika hii kwa sababu tangu vita ya Sudan ianze Aprili 2023 napata meseji za wadogo zangu wanaotafuta chuo huku, wananiuliza ile ofisi inasaidia kweli au ni maneno tu. Jina la chuo siweki, ni chuo cha serikali na ofisi nyingi za vyuo vya hapa zinafanana. Jibu langu ni kwamba inasaidia, ila inategemea umeangukia dirisha gani, na inategemea pasipoti yako ni ya wapi, na hilo la pili ndo linaniuma hadi leo.

Kwa wasionijua, mi nilikua nasoma udaktari Kharkiv, Ukraine, mwaka wa tatu. Alfajiri ya tarehe 24 Februari 2022 mabomu yakaanza, tukashuka kwenye stesheni ya metro tukalala kule chini na mamia ya watu, siku ya tano ndo tukapata treni ya kwenda Lviv, njia nzima tumesimama. Mpakani foleni zikawa mbili na mnajua sisi tuliwekwa ipi. Sitaki kuirudia sana, hata Umoja wa Afrika ulitoa tamko tarehe 28 Februari, Macky Sall aliyekua mwenyekiti wake wakati ule na Moussa Faki Mahamat wa Kamisheni yake, wakasema taarifa za Waafrika kuzuiwa kuvuka zinasikitisha na ni ubaguzi. Nililisoma kwenye simu siku mbili baadae nikiwa bado kwenye ileile foleni, miguu imekufa ganzi, nikalia pale pale, sio kwa baridi, ni kwa kuona kumbe kuna mtu anajua kwamba tuko hapa.

Basi nikafika Ujerumani, nikaenda kwenye hiyo ofisi. Dirisha la kwanza wanakupa fomu, na swali la kwanza kabisa kwenye fomu ni uraia, kuna kiboksi cha Ukraine na kiboksi cha "nyingine". Ukiweka tiki Ukraine unaenda mkono wa kulia, kuna mfuko wa dharura, kuna tiketi ya basi, kuna mtu anakupeleka hosteli. Ukiweka tiki nyingine unarudi foleni ya kawaida na wanafunzi waliokuja kwa ndege na masanduku yao. Nilikua na begi moja na kadi yangu ya chuo cha Kharkiv, nikamwonyesha kaka wa dirishani, akaniambia kwa upole tu, kwa nini usirudi kwenu, kwenu si kuna amani. Hakunitukana, na naamini hata hakujua kasema nini, ila jamani mimi miaka mitatu ya masomo yangu iko chini ya kifusi na yeye ananiuliza habari ya amani ya kwetu.

Ila niwe mkweli, sio chuo tu kilichotunga hayo. Umoja wa Ulaya tarehe 4 Machi 2022 ulifungua ulinzi wa muda kwa watu waliotoka Ukraine, lakini wanafunzi wa kigeni wenye kibali cha muda tu cha kukaa Ukraine hawakuingizwa moja kwa moja, kila nchi ikaachiwa iamue. Ujerumani ikaangalia kama unaweza kurudi kwenu salama, na Mtanzania jibu lake linajulikana. Tuliruhusiwa kukaa bila viza mpaka 31 Agosti 2022, baada ya hapo ujitegemee. Miji mingine ilijiongeza, Hamburg kwa mfano iliwapa wanafunzi kama sisi karatasi ya miezi 6 wajipange, kwetu hakuna kitu kama hicho. Hata ule msaada wa hela wa serikali kwa wanafunzi uliofunguliwa Juni 2022 ulikua wa wale wenye ule ulinzi. Kwa hiyo sheria ndo ilikua hivyo na siwezi kumlaumu mtu wa dirishani kwa sheria, namlaumu kwa ile fomu, sababu fomu waliitunga wenyewe. Wangeanza kuuliza ulikua unasoma wapi na umepatwa na nini, alafu uraia uje ukurasa wa pili, mbona ingewezekana.

Sasa dirisha la pili. Kuna mama mmoja pale, mtu mzima, miwani anaishusha puani. Kaka mmoja Mkongo tuliyekua nae kwenye treni ndo alinambia usiondoke kabla hujaonana na yule mama. Nikamfuata. Hakuniuliza pasipoti, akasema kaa kwanza, umekula? Alafu akasema una karatasi gani, zitoe zote mezani. Matokeo ya mihula mitano nilikua nayo kwenye simu tu, picha, akazichapa zote, akaniambia leo hiihii waandikie chuo cha Kharkiv wakutumie zenye mhuri kwa imeli wakati bado wapo kazini. Huo ushauri peke yake una nyota yake. Wenzangu waliosubiri hadi Julai walihangaika mnoo, ofisi kule zilishahamishwa na watu hawajibu.

Kikaja kile kizingiti chenyewe, Sperrkonto, yaani akaunti unayoweka hela ya kuishi mwaka mzima ndo wakupe kibali cha mwanafunzi. Wakati ule ilikua euro 10,332, ni 861 kwa mwezi, na tangu Septemba 2024 imepanda hadi 11,904. Nikampigia mama nyumbani nikamtajia, akanyamaza muda mrefu nikadhani simu imekata, akasema mwanangu hata tukiuza nyumba haifiki. Mama wa dirisha la pili ndo aliyenieleza kwamba kuna njia nyingine, mkazi wa hapa mwenye kipato anaweza kusaini ofisi ya uhamiaji kwamba atakubeba gharama, na sio siri ni sheria kabisa, ila dirisha la kwanza hawakunitajia hata neno. Akaniunganisha na wazee wawili mume na mke wanaosaidia wanafunzi, wakasaini. Nilipata kibali zikiwa zimebaki siku 9 kufika ile 31 Agosti.

Kozi ya Kijerumani ya ofisi hii sina la kulalamika, bure, siku tano kwa wiki, walimu wanajituma. Ila mjue mapema kabla hamjajaza moyo, udaktari kwa vyuo vya serikali huku ni Kijerumani kitupu, wanataka kiwango cha C1, yaani lugha uijue kwa kiwango cha juu, na nafasi za wasiotoka Umoja wa Ulaya ni kama asilimia 5 tu. Mi sikupata. Nasoma afya ya jamii sasa na baadhi ya masomo ya Kharkiv walinihesabia, sio yote. Wangeniambia hili mwezi wa kwanza nisingepoteza mwaka naomba udaktari tu.

Nyumba ndo palipoharibika kabisa. Ofisi ilikua inatunza orodha ya vyumba vya bure wanavyojitolea watu wa mjini kwa wanafunzi waliokimbia vita. Nikapiga simu, baba mwenye nyumba akafurahi, njoo njoo, nikafika, kafungua mlango akaniangalia akasema samahani chumba kimeshachukuliwa. Jioni tangazo bado lipo. Rafiki yangu wa Kiukraine akapiga, akaambiwa karibu kesho. Nikapeleka malalamiko ofisini, wakanijibu hawawezi kumlazimisha mtu nyumbani kwake. Ni kweli sheria ya 2006 ya kuzuia ubaguzi ina mwanya pale mwenye nyumba anapokaa humohumo na mpangaji. Lakini mi sikuomba alazimishwe! Niliomba tangazo lake litoke kwenye orodha yenye nembo ya chuo. Iliwachukua miezi minne, na hadi leo hakuna aliyenambia pole. Kwa hapa ofisi inapata sifuri na sibadilishi.

Wadogo zangu, likikukuta jambo kama hilo andika siku hiyohiyo, tarehe, saa, nani alikuepo, sababu ukitaka kudai kwa sheria ile muda ni miezi miwili tu. Na mjue sheria hiyo kwa mwanafunzi wa chuo cha serikali haishiki vizuri kama inavyomshika mfanyakazi, Berlin wana sheria yao ya 2020 inayogusa na vyuo, kwingine ulizeni mapema chuo chenu kina utaratibu gani.

Mtu wa pili wa nyota zangu ni mshauri nasaha. Nilichelewa kwenda, nikiona aibu, nikisema wenzangu wamezika ndugu mi nimepoteza nini. Ikafika 31 Desemba 2022. Huku mkesha wa mwaka mpya watu wa kawaida wananunua fataki wanalipua barabarani, na miaka miwili kabla ya hapo uuzaji ulisitishwa kwa ajili ya korona, kwa hiyo mwaka ule walilipua kama wanalipiza. Hakuna mtu alituambia. Saa sita usiku nilikua chini ya kitanda, nimeshika viatu mkononi, najiandaa kukimbia metro ambayo haipo. Mwenzangu wa chumbani, binti wa Kisiria, nilimkuta bafuni kafunga mlango.

Tarehe 2 nikaenda kwa mshauri nikiwa sijalala. Akanisikiliza saa nzima na nusu, hakunipa karatasi ya mazoezi ya kupumua, aliandika. Mwaka uliofuata mwanzoni mwa Desemba tukapokea imeli yake, inaeleza fataki zinaanza kuuzwa lini, mitaa ipi ina kelele zaidi, na kwamba chuo kimefungua jengo la nje ya mji usiku ule, kuna vitanda, kuna chai, njoo na rafiki. Na ile imeli haikwenda kwa uraia. Ilikwenda kwa kila mwanafunzi aliyejiandikisha kwamba vita imemgusa, tukajikuta kule Waukraine, Wasiria, Wasudani, Mwafghani mmoja na mimi, tunacheza karata hadi asubuhi.

Kwa hiyo nyota 3. Mama wa dirisha la pili anapatikana Jumanne na Alhamisi asubuhi, fikeni kabla ya saa tatu, bebeni kila karatasi hata ile mnayoona haina maana. Anastaafu mwakani. Nimemuuliza nani atakaa kiti chake, akasema bado hawajatangaza, na ile fomu ya kiboksi cha "nyingine" wiki iliyopita nimeikuta bado ipo pale mezani.