Mpira wa kusinyaa kwenye ncha za kamba za viatu: uzoefu wangu

Ukinunua raba za mtumba pale Karume, kagua ncha za kamba pamoja na soli. Soli iliyolika utaiona mapema na utapunguziwa bei. Kamba ndiyo itakayokutesa kesho yake asubuhi: nyuzi zimetawanyika, ukizisukuma kwenye tundu nusu zinapita na nusu zinabaki nje, na daladala haikusubiri. Nyumbani kwangu kuna wanafunzi pia. Mdogo anatafuna zile plastiki za ncha akiwa anasoma, mkubwa anatembea kamba zikiburuta chini. Kwa hiyo shida hii haijawahi kuniisha.

Jibu rahisi ni kununua kamba mpya, na wamachinga wanazo. Ila wengi hubeba nyeusi na nyeupe za urefu wa kawaida. Ukiwa na buti refu, au raba ambayo kamba yake ina rangi mbili, utarudi nyumbani na kitu kisichofika tundu za juu. Hapo ndipo nilipoanza kutumia ule mpira mwembamba ambao mafundi umeme huuvisha kwenye maungio ya waya, ukipata moto unasinyaa na kubana. Kariakoo unauzwa kwa mita kwenye maduka ya vifaa vya elektroniki. Mwambie muuzaji unataka ule mpira wa kubana waya kwa moto, atakuelewa. Mita moja inatengeneza kamba za familia nzima na bado kipande kinabaki kwenye droo.

Kipimo ndicho cha kuangalia. Mpira unaouzwa kama 2:1 unasinyaa hadi nusu ya upana wake. Kwa kamba nyembamba za viatu vya ofisini mimi nachukua wa milimita 3, kwa raba nyingi wa milimita 4, na kwa zile kamba bapa pana wa 5, baada ya kuikunja ncha katikati kwa urefu. Ukiwa na shaka kati ya vipimo viwili, chukua mdogo, yaani ule unaoingia kwa kulazimisha. Mkubwa utasinyaa, ndiyo, lakini hautashika, na ncha ikiwa nene haipiti kwenye tundu.

Kazi yenyewe inakwenda hivi. Nakata sehemu iliyochakaa kwa mkasi mkali, mshazari kidogo. Nailowesha ncha na kuipotoa kwa vidole mpaka nyuzi zote zielekee upande mmoja, kisha naiacha ikauke ikiwa imepotolewa. Nakata mpira kama sentimita moja na nusu na kuuvisha huku nikiuzungusha uelekeo uleule wa mpotoo. Ukizungusha kinyume unazifumua nyuzi upya. Halafu moto. Kiberiti cha gesi kinatosha, na ncha inakaa pembeni ya mwali, isiguse, huku ukiizungusha polepole. Tazama mpira: unatulia kidogo, halafu ghafla unajibana, na mistari ya ufumaji wa kamba inajichora juu yake. Ukiiona hiyo mistari, ondoa. Ukiendelea, mpira unaanza kung'aa na kupasuka ukingoni.

Kinachofanya njia hii ifae ni tofauti ya joto. Mpira wa kawaida wa aina hii unamaliza kusinyaa kwenye nyuzijoto 120 hivi, ilhali poliesta, ambayo ndiyo kamba nyingi za raba, inayeyuka karibu na 250. Mpira unabana wakati kamba yenyewe bado salama. Mashine ya kukaushia nywele inaweza kufanya kazi, ila zile ndogo za nyumbani zinachelewesha mno. Mshumaa siupendi kwa sababu ya masizi. Kwenye kamba nyeupe utajuta.

Kabla ya mpira nilikuwa nachoma ncha tu, kama mafundi viatu wengi wanavyofanya, na kwa kamba ya nailoni au poliesta bado ni njia halali. Inayeyuka na kuwa kidonge kigumu. Tatizo ni kwamba kidonge hicho kina kona, kinakwaruza tundu, na usipokiviringisha kikiwa bado laini kinakuwa kinene kuliko kamba. Kukiviringisha kwa vidole vitupu ni kujitafutia lengelenge, maana plastiki iliyoyeyuka inaganda kwenye ngozi na inaendelea kuunguza. Tumia mgongo wa kijiko kilicholowa. Na watoto wakae mbali.

Pamba ni habari nyingine. Haiyeyuki, inaungua. Jaribu uzi mmoja tu uliochomoa: ukinuka kama karatasi inayoungua na kuacha jivu laini, hiyo ni pamba, usiichome. Watu hukimbilia supagluu hapa, nami nashauri tahadhari. Gundi ile ikikutana na pamba inachemka yenyewe, inatoa joto na moshi unaowasha macho, na ukiwa umeishika kwa vidole utaungua. Kwa pamba napaka rangi ya kucha isiyo na rangi, tabaka jembamba, naacha ikauke, napaka tena. Inashika vizuri mpaka kamba ianze kufuliwa mara kwa mara. Ukivisha mpira juu ya rangi iliyokauka kabisa, nasisitiza kabisa kwa sababu rangi mbichi inashika moto, hapo inadumu.

Selotepu sitaizungumzia sana. Ni ya kukufikisha kazini siku hiyo.

Sasa kasoro za mpira wenyewe. Kwanza, si mgumu kama ncha ya kiwandani. Ile ya kiwandani ni utepe wa plastiki uliozungushwa na kubanwa, huu wetu unapinda, kwa hiyo tundu dogo lisilo na pete ya chuma linahitaji subira. Pili, ule wa kawaida hauna gundi ndani, na mtoto anayevua kiatu kwa kuvuta ncha ya kamba atauchomoa. Upo wenye gundi ndani, mara nyingi ni ule wa 3:1, na ukipata moto gundi inachungulia ukingoni. Bei yake iko juu na ukuta wake ni mnene, lakini kwa viatu vya shule ndio ninaoupendekeza. Tatu, rangi. Mweusi uko kila duka, mwangavu unautafuta, na kwenye raba nyeupe mweusi unaonekana kutoka ng'ambo ya barabara. Binti yangu anaona umependeza, mimi hapana.

Nyota nne kati ya tano. Ya tano nimeinyima kwa sababu maduka mengi hayakati chini ya mita, na ukinunua paketi ya mchanganyiko unapewa vipande vingi vya vipimo ambavyo havifai kamba yoyote. Hivyo vikubwa nimevihamishia kwenye shingo za waya za chaja, pale zinapoanza kuchanika. Hilo nalo linahitaji ule wa 3:1, maana lazima upite kwanza juu ya kichwa cha chaja.