Makumbusho ya Oxford: Nguzo za Mawe na Hoja ya Muumba

Anayetaka kuielewa teolojia ya asili, yaani jitihada ya kumjua Mungu kwa kuyatazama maumbile na kutumia akili, bila kuegemea ufunuo, atapata mwanzo mzuri katika Makumbusho ya Historia Asilia ya Chuo Kikuu cha Oxford, yaliyofunguliwa mwaka 1860 na ambayo hayatozi kiingilio. Walioyaanzisha waliamini kwamba kuchunguza viumbe ni kusoma kitabu cha pili cha Mungu, na sehemu ya fedha za ujenzi ilitokana na mauzo ya Biblia.

Nilikaa muda mrefu zaidi kwenye nguzo za ukumbi mkuu. Kila moja ni ya aina yake ya mwamba, jina la mwamba huo likiwa limeandikwa, na juu yake wachongaji kutoka Ireland, wakiwemo ndugu wa ukoo wa O'Shea, walichonga majani na maua kwa kuiga mimea halisi. Hivyo nguzo moja ni somo la jiolojia, somo la botania na kazi ya sanaa kwa pamoja. Baadhi ya michongo haikukamilika, nami naona mawe hayo yana uzuri wake.

Hoja hiyo, kwamba maumbile yanamthibitisha Muumba, ilipingwa mapema. Humo humo, mwezi Juni 1860, Askofu Samuel Wilberforce na mwanabiolojia Thomas Huxley walibishana juu ya nadharia ya mageuzi, yaani kwamba viumbe vilibadilika polepole kwa njia za asili, ya Charles Darwin, ambaye leo sanamu yake imesimama ukumbini pamoja na za Aristotle, Galileo na Newton. Mpenda falsafa atenge saa nzima kwa sanamu na nguzo hizo kabla hajaiendea mifupa ya dinosaria.