Detekta niliyoiita feki msimu mzima: uzoefu wangu Chunya

Kijana alichimba kipande cha dhahabu cha gramu 11 ndani ya alama za viatu vyangu. Siku tatu kabla yake nilikuwa nimepita pale pale, betri mgongoni na hedifoni masikioni, nikapitisha koili ya detekta, ile sahani ya chini inayohisi madini ardhini, juu ya kipande hicho na sikusikia kitu. Niliitambua alama ya soli yangu kwenye majivu ya nyasi, kwa sababu kiatu changu cha kulia kina ufa kisiginoni, na shimo la yule kijana lilikuwa limekula nusu ya alama hiyo. Ninaeleza jambo hili mwanzoni ili msomaji aelewe kwa nini hadi leo, baada ya yote niliyokuja kuyajua, siwezi kuizungumzia mashine hii, GPX 5000 ya kutafutia dhahabu, kwa utulivu.

Eneo lenyewe liko upande wa Makongolosi, wilayani Chunya, na leseni ya uchimbaji mdogo ni ya familia yetu. Hii ni ardhi ya Lupa, ambako dhahabu ya juujuu imekuwa ikiokotwa tangu miaka ya 1920, na waliokuja wakati ule waliondoka wakaacha misumari, vifuniko vya makopo na vipande vya mabati ambavyo bado vimelala ardhini vikingoja kumdanganya mtu kama mimi. Udongo ni mwekundu, wenye chuma kingi, na kuna vijiwe vyeusi vizito ambavyo mashine nyingi huvipigia kelele kana kwamba ni mali. Mtu asiyeijua ardhi ya namna hiyo hawezi kuchagua detekta kwa kutazama picha.

Kuhusu kuchagua, nilijitahidi. Nilianza kwa kuazima mashine ndogo, Gold Monster 1000 ya shemeji yangu, ambayo ni nyepesi na huokota hata punje ndogo kabisa zilizo karibu na uso wa ardhi, lakini sisi tulitaka vile vipande vilivyo chini, ambavyo mashine za namna hiyo, zinazotuma mawimbi bila kukatika, huvikosa kwa sababu udongo wenye chuma huzilevya. Nilichohitaji ni mashine ya mapigo: ile ambayo koili yake hutuma pigo la sumaku ardhini, hulikata ghafla, kisha husikiliza ni nini kimebaki kikiitikia. GPZ 7000, ambayo si ya mapigo hasa bali ina mbinu yake, nilijaribu kuibeba kwa nusu saa nikaona bega langu halitaiweza kutwa nzima, na bei yake sikuihitaji hata kuirudia mara mbili. GPX 6000, iliyoingia sokoni mwaka 2021, ni nyepesi zaidi na inajirekebisha mambo mengi yenyewe. Niliiacha na kuchukua GPX 5000 kwa sababu moja tu, kwamba ndiyo vijana wengi wa huku wanaijua na nilifikiri sitakosa wa kumuuliza. Pesa ilikuwa ya mavuno mawili ya tumbaku.

Duka niliyonunulia iko Dar es Salaam na sitaitaja. Ipo katika mtaa ambao nyaya za umeme zimepita juu kama utando wa buibui, ndani kuna taa ndefu nne, na kila mtu ana simu mkononi. Mashine ilipowashwa ililia kama mtoto aliyeungua. Nilirudi nyuma hatua mbili na kusema kwamba kama ndivyo ilivyo, siichukui. Kijana wa duka, bila kunieleza neno, aliinama, akagusa swichi moja, na kelele ikaisha. Kukawa na mvumo mdogo mzuri, umenyooka kama uzi. Akapitisha sarafu mbele ya koili, ikalia vizuri, akasema, "Umeona, mama? Imetulia." Nami nikaamini kwamba kutulia ndiko uzima wa mashine. Nikalipa. Muda wote niliokaa humo dukani ulikuwa mfupi kuliko muda wa kusubiri chai.

Nikaanza kazi kiangazi kile, baada ya moto kupita porini, wakati koili inaweza kutambaa karibu kabisa na ardhi bila nyasi kuisukuma juu. Nilipata misumari, vizibo vya soda, risasi kuukuu, waya, na katika wiki ya tatu, au labda ya nne, vipande viwili vidogo vya dhahabu ambavyo kwa pamoja havikufika hata gramu moja. Hivyo vipande viwili ndivyo vilivyoniponza. Kama nisingepata kitu kabisa, ningeshtuka mapema na kuuliza. Lakini mashine ilionekana kufanya kazi, ilikuwa tulivu hata mahali ambapo za wenzangu zilinung'unika, na nikawa ninajisifu jioni kwenye moto kwamba yangu haisumbui. Mbung'o waliniuma, mgongo uliniuma, na kila siku niliweka alama kwenye mti uliofuata na kusema sehemu hii haina kitu.

Mwisho nikachoka na kuwaruhusu vijana wawili waingie na mashine ya kukodi, kwa makubaliano ya nusu kwa nusu. Mashine yao ilikuwa GPX 5000 kama yangu, lakini kuukuu, koili yake imezungushiwa utepe wa nailoni na kamba ya begani imeshonwa kwa uzi wa gunia. Siku ya kwanza wakatoa kile kipande cha gramu 11, kutoka kwenye kina cha mkono hadi kiwiko. Siku ya pili wakatoa vingine viwili, vidogo kuliko hicho, katika njia zangu zile zile. Nilisimama na mizani mkononi nikawagawia nusu yao, kwa sababu ndivyo tulivyopatana, na mikono ilikuwa ikinitetemeka.

Jioni hiyo nilikuwa na hakika kwamba nimeuziwa mashine ya bandia. Jambo hilo si la ajabu; nakala feki za mashine hizi zimejaa Afrika, na Minelab, kampuni ya Australia inayozitengeneza, imekuwa ikiwatahadharisha wanunuzi kwa miaka. Nikapiga simu dukani. Nilisalimia vizuri, nikaeleza tatizo kwa utaratibu, nikaomba wanisaidie kujua kama kuna namna ya kuiweka mashine ambayo sikufundishwa. Aliyepokea alinisikiliza hadi mwisho. Kisha akasema, "Sasa mama, nikufundishe mashine, halafu nikufundishe na kutembea?" Nyuma yake watu wakacheka. Simu ikakatwa.

Nimefanya biashara na watu wengi wagumu. Nimeuza tumbaku, nimekaa na madalali, nimetukanwa na madereva wa malori. Lakini sentensi ile iliniingia mahali ambapo haijatoka. Nilikuwa nimempa fedha ya miaka miwili, na alichonidai ni kwamba nimpe na heshima yangu juu. Kwa siku kadhaa nilimwambia kila aliyetaka kusikia kwamba detekta hizi ni wizi mtupu, kwamba asinunue mtu, kwamba afadhali fedha iwekwe kwenye jembe na beleshi. Naomba radhi kwa wale walionisikia wakaahirisha kununua, kwa maana nilichosema hakikuwa kweli.

Aliyenifumbua macho ni mzee mmoja ambaye amezunguka na mashine hizi Chunya na Songwe kwa miaka mingi. Nilimwendea na mashine ikiwa imefungwa kwenye gunia, nikamwamkia, nikamweleza. Hakuigusa. Aliniambia niivae na kuiwasha kama ninavyofanya siku zote, kisha akaja upande wangu, akainama na kuangalia sanduku lenye swichi kwa muda mfupi sana.

"Mwanangu," akasema, "hii nani aliiweka Cancel?"

Swichi ya koili ina nafasi tatu: Mono, Double D na Cancel. Koili niliyokuwa nikitumia ni ile ya nusu mbili, yaani Double D. Ikiwekwa kwenye Cancel, nusu hizo hupinganishwa ili kelele inayosikika na zote mbili ijifute yenyewe. Ni nafasi yenye maana yake, imewekwa kwa ajili ya mahali penye umeme mwingi au ardhi ya chumvi. Gharama yake ni kina: mashine hutulia kwa kuacha kusikia mbali. Kijana wa duka aliisogeza hapo ili inyamaze chini ya zile nyaya, akaniuzia ukimya, na mimi nikaubeba ukimya huo hadi porini ambako hakuna hata nguzo moja ya umeme.

Mzee aliniomba pete yangu ya ndoa. Akachimba kwa sururu shimo la shubiri moja na vidole vichache, akaiweka pete chini, akafukia na kukanyaga. Nikapitisha koili kwenye Cancel: kimya. Nikapitisha tena, polepole zaidi: kimya. Akanyoosha kidole, akasogeza swichi hadi Double D, akanifundisha kubonyeza kitufe cha kwenye mpini huku nikiipandisha na kuishusha koili hadi manung'uniko ya udongo yapungue. Nikapitisha. Sauti iliyokuja haikuwa kubwa, ilikuwa kama mtu anayeguna akiwa chumba cha pili, lakini ilikuwepo, na iliporudi mara ya tatu mahali pale pale nilikaa chini nikalia.

Kwa hiyo sasa niseme nini kuhusu mashine yenyewe? Ni nzuri, na niliisingizia. Kwa ardhi nyekundu kama yetu sijaona sababu ya kuijutia. Ila lazima nionye kwamba si mashine ya kushika na kutembea tu. Niliyofundishwa na yule mzee kwa siku tano ni makubwa kuliko yote niliyodhani nayajua. Koili ipite chini na polepole, na isinyanyuke mwishoni mwa kila mpigo, kwa maana mkono ukichoka hupinda juu kama unayefyeka, na hapo unaacha ukanda mzima bila kuusikia. Simu izimwe au iachwe mbali. Sururu isikae karibu na koili. Kile kivumo kidogo kisichokatika kisipunguzwe hadi kizimike, kwa sababu dhahabu ya chini hailii. Hukitikisa tu kivumo hicho, na asiyekisikia hatakisikia na kinachokitikisa. Kitu kidogo cha juujuu mara nyingi sauti yake hupanda kisha ikashuka, na kikubwa kilicho chini hushuka kwanza ndipo ikapanda, lakini hata hilo mzee alinikataza kuliamini sana. Alisema chimba kila kitu hadi ukione, hata kama moyo unakwambia ni msumari. Nimechimba misumari mingi mno tangu siku hiyo na sijanung'unika hata mara moja.

Anayeanza kabisa na hana wa kumfundisha, pengine GPX 6000 ingemfaa zaidi kwa kuwa inamwachia mambo machache ya kukosea. Ninasema pengine kwa sababu sijaitumia kwa siku nzima. Na mwenye fedha kidogo anayetafuta punje za juujuu asidharau mashine ndogo. Vyovyote iwavyo, namba ya mashine ihakikiwe kwa watengenezaji kabla ya kulipa, na majaribio yafanyike nje ya mji. Dukani kila mashine ni nzuri. Muuzaji akikataa kutoka nawe hadi uwanja usio na nyaya, na kuizika pete yako mwenyewe, ondoka na fedha yako.

Nilikuwa nimekusudia kuandika hapa kwamba nimemsamehe yule wa dukani, kwa kuwa hata mimi nilikuwa na kitabu cha maelekezo na sikukaa kukisoma kwa makini. Ni kweli kilikuwepo, na kosa hilo ni langu. Lakini kadiri ninavyoandika ndivyo ninavyoona kwamba siwezi. Hata kama nilikosea kusoma, yeye alijua maana ya swichi ile. Aliisogeza kwa kidole chake. Nilipompigia simu, sentensi moja tu ingetosha: mama, angalia swichi ya koili. Ingemchukua pumzi moja. Alichagua kunicheka, na kicheko chake kilinigharimu nusu ya gramu 11, nusu ya vile viwili vingine, na kiangazi kizima cha mgongo wangu. Nilipiga tena baadaye, nikamweleza tulichogundua, nikitegemea angalau pole. Akasema, "Si umeshajua sasa?" Kwa hiyo mashine ninaipendekeza kwa moyo wote, na huduma ya duka ile siwezi kumshauri hata mtu ninayemchukia aende kuitafuta.

Siku hizi swichi ya koili nimeifunga kwa utepe mwekundu ikiwa kwenye Double D, na kila asubuhi, kabla sijavuka mti wa kwanza wenye alama, ninaizika pete na kuitafuta. Nimeanza kurudia njia zangu zote za msimu ule. Wiki iliyopita, au ile ya kabla yake, nilipata kipande cha kwanza mahali nilipowahi kusema hapana kitu: gramu 4 na kidogo, chenye kijiwe cheupe kimeng'ang'ania ubavuni, na nilikiosha kwa maji ya kunywa kwa sababu sikuweza kusubiri hadi kambini. Upande wa mashariki, unaoshuka kwenye mkondo, sijaurudia. Moto umepita huko juzi, na Jumatatu tunaingia.