Giaboksi ya mtumba ya Toyota IST: sikiliza konvata kabla ya kufunga

Habari zenu wadau, karibuni tena gereji. Hapa mezani nina giaboksi otomatiki ya Toyota IST ya kwanza, ile ya gia nne, U340E. Ni mtumba kutoka Japani na imekuja na toki konvata yake, lile dude la mviringo linalopokea nguvu ya injini na kuipeleka kwenye giaboksi. Muuzaji akikwambia chukua giaboksi tu, konvata utarudishia ya zamani, usikubali. Konvata ya zamani imebeba uchafu wote wa giaboksi iliyokufa.

Namba ya giaboksi isome kwenye kibati cha gari lako kwanza. U340F ni ya gari linalovuta miguu yote minne, na ukiitazama harakaharaka unaweza kudhani ndiyo hii.

Nimeshafungua sampu, bakuli la chini la giaboksi. Tazama smaku: zina ute wa kijivu, laini kabisa. Huo ni uchakavu wa kawaida. Ningekuta vipande vya chuma vinavyokwaruza kidole, ningeirudisha leo hii. Hidroliki, yaani mafuta ya giaboksi, bado ni nyekundu na hainuki kuungua. Mimi hii naipitisha.

Sasa naomba msogee, maana hapa ndipo giaboksi nzima zinapouawa. Sili ya mbele nimeweka mpya. Konvata nimeimiminia hidroliki isianze kavu, na shingo yake nimeipaka. Naisukuma taratibu huku naizungusha. Mmesikia? Imeshuka mara moja. Wengi huishia hapo. Endelea kuzungusha... ya pili... na hiyo ya tatu. Ni lazima ishike meno ya shafti ya tabaini, meno ya stata, halafu masikio yake yaingie kwenye pampu. Ukiwa na shaka, laza rula juu ya mdomo wa giaboksi, pima kina mpaka kwenye matundu ya konvata, ulinganishe na kipimo cha kitabu cha gari.

Giaboksi ikipanda kwenye injini, nyuso zao mbili zikutane kwa mkono. Zikibaki wazi, simama, shusha, rudia. Mwaka juzi niliacha bolti zivute uwazi mdogo tu, nikajua zitajikaza zenyewe. Gari lilipowashwa pampu ilikuwa imeshavunjika. Mwenye gari alikuwa dereva wa teksi, akakaa siku nne bila kazi kwa kosa langu. Sijalisahau, na ndiyo sababu ya video hii.

Nyuso zikishakutana, konvata izunguke huru kwa vidole na ibaki na nafasi ndogo kabla haijagusa flekspleti, ile sahani ya chuma iliyofungwa kwenye krenki ya injini. Angalia hii: inazunguka bila kukwaruza popote. Hapo ndipo nazungusha krenki na kufunga bolti zake moja moja kupitia kidirisha, kwanza zote kwa mkono, kisha nakaza.

Rejeta tumeshaisafisha njia zake za hidroliki. Hidroliki ni T-IV, msichanganye na ya bei rahisi. Nimejaza, injini inanguruma, mguu kwenye breki, nimepitisha gia zote nikarudi P. Gari likishapata moto napima tena kwa kijiti, injini ikiwa inawaka.

Naweka R. Imeshika bila kugonga. D, nayo imeshika. Tunatoka nayo barabarani, twende.