Cummins 5.9 ya valvu 12: kibati kidogo cha kuzuia pini isiue injini

Haya wadau, karibuni tena gereji. Leo siwapitishi kwenye salamu ndefu, maana nilichokikuta humu ndani asubuhi kimenitoa jasho. Sogeza kamera. Sogeza tena. Hapo, jirani na gia ya kemshafti, ile shafti inayofungua valvu, mnaiona hiyo pini ya chuma? Haikutakiwa kuonekana hivyo. Imetoka. Inachungulia nje ya tundu lake kama panya.

Gari ni Dodge Ram 2500 ya 1996 yenye injini ya dizeli ya Cummins 5.9, hili hili mnalolijua. Nguvu zake, pampu yake ya dizeli ya P7100, sirudii, tulishamaliza video nzima. Leo ni hii pini. Wamarekani wameipa jina la pini muuaji, na hawatanii. Kiwandani iliwekwa ili kasha la gia za taimingi (zinazopatanisha kranki na kemshafti), lile la alumini, likae sawasawa kwenye bloku. Kazi yake inaishia hapo. Lakini haina kitu cha kuizuia kwa mbele, imebanwa na tundu tu. Injini inapata moto, inapoa, inatetemeka, miaka inakwenda, na yenyewe inatambaa taratibu.

Ikidondoka, omba iende moja kwa moja kwenye sampu, lile bakuli la oili chini ya injini. Ikipigwa na gia inaweza kupasua kasha, oili ikamwagika barabarani. Ikiingia katikati ya meno, gia zinavunjika, taimingi inapotea, valvu zinagongana na pistoni. Injini ya chuma kitupu, isiyohitaji kompyuta ili iwake, inakufa kwa kipande kisichofika urefu wa kidole. Hilo ndilo linaloniudhi!

Sasa kiti chenyewe, yaani seti ya vipuri vya kuizuia pini hiyo. Nimelipa dola 85. Ndani kuna kibati, bolti, gasketi ya kava, sili ya mbele ya kranki na kichupa cha gundi ya bolti. Nilipofungua boksi nilinung'unika, nikasema hiki kibati hata fundi wa mabati angenikatia. Subirini niwaonyeshe.

Feni, mkanda, puli na kava nimeshatoa. Kabla hujagusa kitu, ziba hapa chini kwa kitambaa safi, kwa sababu uwazi huu unakwenda kwenye sampu. Bolti ikikuponyoka hapa, kazi ya saa nne inakuwa ya siku mbili. Sasa nairudisha pini. Nyundo ndogo, taratibu... sikilizeni mlio... umebadilika, mmesikia? Imefika mwisho.

Naitoa bolti hii ya kasha iliyo jirani. Naisafisha kwa dawa ya breki mpaka iwe kavu, maana gundi haishiki penye oili. Kibati kinakaa hivi, mkia wake unafunika mdomo wa tundu. Bolti inarudi na gundi, toki renchi, ile spana ya kupima mkazo, kwenye Nm 24. Angalieni, nasukuma pini kwa bisibisi kutoka pembeni, haina pa kwenda. Hata ikilegea kesho, itabaki chumbani mwake.

Lakini msikimbilie kufunga kava. Zungusha kranki kwa mkono mizunguko miwili kamili, ili gia ya kemshafti imalize mzunguko wake mmoja. Napitisha fila geji, kile kibamba chembamba cha kupimia nafasi, kati ya kibati na gia... inapita... hapa inapita... na hapa pia. Nimewahi kuona kibati cha kujikatia kikikwaruza gia, kwa sababu chuma kilikuwa kinene. Kwa hiyo narudisha maneno yangu ya mwanzo: hiki kimekatwa kwa vipimo, na hela yangu siililii tena.

Mkiwa hapo hapo, kazeni na bolti nyingine za kasha, moja baada ya moja, kwa gundi. Zilizojificha nyuma ya gia ya kemshafti mtazifikia kupitia matundu ya gia yenyewe. Kwangu tatu zilikuwa zimelegea!

Kuna aliyeniandikia kwamba nihamie Ford, injini yao ya dizeli ya 7.3 Power Stroke, niache mateso. Kaka yangu, hiyo nayo ina kihisi cha kemshafti kinachokufa ghafla na gari linazimika likiwa mwendoni, ndiyo maana wenyewe wanatembea na cha akiba kwenye dashibodi. Injini nzuri, siikatai. Ila yangu naijua ugonjwa wake, na dawa yake ni hii.

Na mlio Uingereza au nyumbani, msione hili ni la Texas tu. Familia hii ya injini za Cummins, ya B, ilifungwa kwenye lori la Leyland DAF 45, kwenye jenereta, hadi kwenye boti. Ukiwa na 6BT ya zamani, yaani hii hii 5.9 ya silinda sita yenye tabo, fungua uangalie.

Jambo moja silipendi kwenye kiti: karatasi ya maelekezo haisemi kitu kuhusu sili. Sili hii inavaliwa KAVU. Mara ya kwanza niliyowahi kuifunga niliipaka oili kama tulivyozoea, na ndani ya wiki ilikuwa inavuja. Safisha kranki, ikaushe, tumia kile kiongozi cha plastiki, sukuma polepole, pande zote kwa usawa.

Tumefika wafuatiliaji elfu tisa, asanteni sana. Jumamosi tupo mubashara saa mbili usiku, leteni maswali ya pampu. Sasa narudisha kava na puli, kisha naiwasha. Punguzeni sauti kidogo kwenye simu zenu.